Kutoona mbali na wasiwasi: nani kamletea mwenzake?

Wadau, eti wasioona mbali wana wasiwasi kuliko wengine? Tafiti kadhaa, hasa za wanafunzi wa China, zimekuta alama zao za wasiwasi ziko juu kidogo. Kidogo tu. Na nyingi ziliwapima watu mara moja, kwa hiyo haziwezi kusema kipi kilitangulia. Mwanafunzi anayekesha na vitabu kwa hofu ya mtihani anaweza kupata vyote viwili bila kimoja kuzaa kingine.

Kutoona mbali, au mayopia, mara nyingi ni jicho kurefuka kwenda nyuma. Picha ya kitu cha mbali inajikusanya kabla haijafika kwenye retina, ule utando unaopokea mwanga. Ubaoni unaona ukungu, daftari unalisoma freshi. Kurithi kumo, kazi za karibu muda mrefu zimo, na kujifungia ndani utotoni. Wasiwasi peke yake haujathibitika kurefusha jicho.

Ila kuna mayopia ya uongo, na hapa ndo watu wanaliwa hela. Ndani ya jicho kuna kamsuli kanakobana ili uone karibu. Ukikodolea kioo cha kompyuta au simu masaa kibao, kanaweza kugoma kulegea hata ukitazama mbali, na msongo wa mawazo unatajwa kama kichocheo kingine. Tena mtu akishikwa na hofu kali, adrenalini inatanua mboni, anaona ukungu, anadhani anapofuka, hofu inapanda zaidi! Akipimwa harakaharaka anaondoka na miwani ya namba za kutoa asiyoihitaji. Kijana ukitiliwa shaka hiyo, omba upimwe baada ya kuwekewa matone ya kulegeza msuli.

Sasa geuza. Usiyeona mbali unapishana na jirani humsalimii, unaambiwa unaringa. Mwalimu anakuita usome ubaoni, jasho linakutoka. Halafu miwani yenyewe mnaitania "macho manne". Dar es Salaam kuna utafiti wa shule za sekondari uliochapishwa 2008: hata waliopewa miwani bure, chini ya nusu walikuwa wanaitumia baada ya miezi 3. Sisemi ni utani tu uliosababisha, ila na sisi tumo.

Wenye namba kubwa, kuanzia -6 hivi, hofu yao ina msingi, maana retina iliyovutwa sana ni rahisi kubanduka. Ukiona ghafla vimulimuli, vidoa vingi vinavyoelea au kama pazia linashuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kama miwani ni sahihi, unaona hadi namba za daladala ya mbali, lakini miezi inapita moyo unadunda, usingizi hakuna na unakwepa watu, usibadilishe lenzi tena. Hilo si la macho. Wasiwasi uliopitiliza una tiba yake ya mazungumzo na dawa, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyo.