Kutofautisha Mpox na Maambukizi Mengine ya Ngozi Yanayoenea kwa Kujamiiana

Si kila kipele kinachojitokeza sehemu za siri ni Mpox, na si kila kipele kisichouma ni cha kupuuzwa. Virusi vinne husababisha mkanganyiko zaidi, na vyote huenezwa kwa ngozi kugusana wakati wa kujamiiana.

Mpox ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa dharura ya kimataifa Agosti 14, 2024, baada ya aina mpya ya kirusi kuenea kutoka Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchini Tanzania, Wizara ya Afya ilithibitisha wagonjwa wawili wa kwanza Machi 2025. Dalili hujitokeza ndani ya siku 21 baada ya maambukizi: homa, maumivu ya kichwa na mgongo, uchovu, na hasa kuvimba kwa mitoki. Upele huanza kama madoa, huinuka, hujaa maji kisha usaha, na hatimaye hufanya magamba. Mgonjwa huendelea kuambukiza hadi magamba yote yadondoke na ngozi mpya iote. Baadhi ya wagonjwa huanza na vidonda vichache sehemu za siri bila homa, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kinachofanana nayo zaidi ni molaskamu, kwa kuwa vipele vyake pia huwa na kishimo katikati. Hata hivyo, vya molaskamu ni vidogo, laini, vya rangi ya ngozi, haviumi wala havileti homa, na hukaa miezi mingi bila kubadilika. Kuvitumbua au kunyoa juu yake huvisambaza. Watoto huvipata kwa michezo na kuchangia taulo, hivyo kumkuta navyo mtoto si ushahidi wa kudhalilishwa. Kwa mtu mzima, vikiwa vingi na vikubwa usoni, kipimo cha VVU kinapendekezwa.

Malengelenge ya sehemu za siri hutambulika kwa kuwasha na kuungua kabla ya vilengelenge kutokea kwa kundi, kupasuka na kuacha vidonda vyenye maumivu makali. Hupona, kisha hurudi. Mjamzito anayeyapata kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua anapaswa kumweleza mkunga mapema, kwani kirusi kinaweza kumuua mtoto mchanga.

Masundosundo ni vinyama vikavu visivyouma, vyenye umbo la koliflawa. Husababishwa na aina za kirusi cha HPV zilizo tofauti na zile zinazoongoza kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Kondomu hupunguza hatari lakini haifuniki ngozi yote. Kaswende, ambayo husababishwa na bakteria, nayo huiga dalili hizi, hivyo kipimo cha maabara ndicho huthibitisha. Mwenye upele mpya aache kujamiiana, asipake dawa za dukani, na afike kituo cha afya au apige simu namba 199 bila malipo.