Njia Juu ya Mabuye: Goma, 2002

Ndugu wanachama, kila tunapokutana swali la kwanza ni parseli: nani amekaa kwangu, mupaka wangu uko wapi? Ni swali la haki. Lakini kwa Goma, mwaka 2002, kitu cha kwanza kurudi hakikuwaka parseli. Ilikuwa njia.

Tarehe 17 Januari, siku ya alhamisi, Nyiragongo ilipasuka upande wa kusini. Moto ukapita Munigi, ukakula kipande cha uwanja wa ndege, ukashuka katikati ya muji mpaka ziwani. Katedrale iliungua, maduka na masomo pia. Watu mamia ya maelfu wakavuka mupaka, wakalala inje kule Gisenyi. Kambi zilitayarishwa Rwanda, lakini wengi hawakuzitaka. Kisha siku mbili, tatu, walikuwa wanarudi. Wenye kuleta misaada walishangaa. Mimi sishangae: mutu analala inje na watoto, na kwake ni mwendo wa muguu, angoje nini?

Shida ni kwamba volkano ilikata muji vipande viwili. Kwa kufika ng'ambo, ilibidi kupanda juu ya mabuye ingali na moto, mivuke inatoka kwenye mapasuko, viatu vinayeyuka. Wa nyuma walikanyaga pale wa mbele walipokanyaga, na pale ndipo njia ilionekana. Hakuna mwenye kuiomba kwa Leta. Pia haikuwa mambo ya furaha tu: tarehe 21 stasio ya mafuta ililipuka katikati ya muji, makumi ya watu wakafa, na wengi wao walikuwa wanachota mafuta pale.

Kisha nyundo zikaanza. Mabuye ileile iliyofunika nyumba ilivunjwa, ikawa fondasio, ikawa ukuta, ikatandikwa barabarani ili tshukudu zipite. Na parseli? Chini ya mabuye mupaka hauonekane. Karatasi ziliungua. Ushahidi uliobaki ni jirani, yule unayekutana naye njiani na sokoni, anayejua mulango wako ulikuwa wapi. Aliyekosana na wote aliteseka sana kupata wa kumsemea.

Tarehe 22 Mei 2021 mulima ulipasuka tena, ukakata barabara ya Rutshuru. Siku chache tu, wamama walikuwa wanaipita kwa muguu, mizigo mugongoni, mabuye ingali na joto.