Anglo Leasing: Sakata ya pasipoti iliyoitia Kenya doa mbele ya mataifa

PASIPOTI ni kijitabu chepesi, lakini ndani yake mna neno la serikali. Afisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa ng'ambo hamjui Mkenya aliyesimama mbele yake. Humruhusu kupita kwa kuwa anaiamini serikali iliyotoa cheti hicho.

Ndiyo sababu sakata ya Anglo Leasing, iliyolipuka mwaka wa 2004 kuhusu mradi wa kuchapisha pasipoti za kisasa, iliitikisa Kenya kuliko kashfa nyingine nyingi za wizi wa pesa za umma. Haikuishia katika mabilioni ya shilingi. Ilizua vita vya maneno kati ya Nairobi na London, ikawafanya wafadhili kufunga mifuko yao, ikamfungia waziri mlango wa kuingia Uingereza na kuwalazimu wengine kujiuzulu.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, jina la kampuni hiyo bado hutajwa kila zabuni ya serikali inapotiliwa shaka.

CHIMBUKO LA MRADI

Haja ya kuwa na pasipoti salama haikuwa ya kubuniwa. Mnamo Agosti 7, 1998, magaidi walilipua ubalozi wa Amerika jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise iliyoko Kikambala, Pwani, ilishambuliwa. Mataifa ya Magharibi yaliihimiza Kenya kuimarisha ulinzi wa mipaka yake na kuziba mianya iliyowawezesha wahalifu kupata vyeti vya kusafiria kwa njia za mkato.

Mwaka wa 2002, serikali ilianza kutafuta mtambo mpya wa kuchapisha pasipoti ambazo haingekuwa rahisi kuzighushi. Kampuni ya Ufaransa, François-Charles Oberthur, ilikadiria kuwa kazi hiyo ingegharimu takriban Yuro milioni 6.

Desemba mwaka huo, muungano wa Narc ulikishinda chama cha Kanu katika uchaguzi mkuu na kukitoa madarakani baada ya miaka karibu 40. Rais Mwai Kibaki aliapishwa Desemba 30 na kuahidi taifa kuwa ufisadi haungevumiliwa tena. Wakenya walijaa matumaini kiasi kwamba kulikuwa na visa vya raia kuwazuia polisi wa trafiki waziwazi kuchukua hongo barabarani.

Mapema mwaka wa 2003, Bunge lilipitisha sheria mpya dhidi ya ufisadi. Rais naye alimteua Bw John Githongo, mwanahabari wa zamani aliyekuwa akisimamia tawi la Kenya la shirika la Transparency International, kuwa katibu wa wizara mwenye jukumu la maadili na uongozi bora katika Afisi ya Rais.

Hata hivyo, mradi wa pasipoti ulichukua mkondo mwingine. Desemba 4, 2003, mkataba ulitiwa saini, si na Wafaransa, bali na kampuni iliyojiita Anglo Leasing and Finance. Bei ilikuwa Yuro milioni 31.89, yaani karibu Sh2.7 bilioni. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba kampuni hiyo haikuwa na mtambo wala mafundi. Ilinuia kuwapa kazi hiyo hiyo Wafaransa wale wale, kwa bei iliyopanda mara tano.

MWAVULI WA USALAMA

Mbinu iliyotumika haikuwa ngumu kuelewa. Kwanza, mradi ulipewa muhuri wa usalama wa taifa, na kwa sababu hiyo zabuni haikutangazwa hadharani. Mwananchi hakupata nafasi ya kulinganisha bei, na washindani hawakupata nafasi ya kulalamika.

Pili, mkataba uliandikwa kwa sura ya mkopo. Kampuni ilidai kwamba ingeifadhili Kenya, nayo serikali ilipe polepole pamoja na riba. Kwa hakika, serikali ndiyo iliyotangulia kutoa pesa: asilimia 3 ya thamani ya mkataba, Yuro 956,700, ililipwa kama malipo ya awali. Kwa maneno mengine, Kenya ilikuwa ikikopeshwa pesa zake yenyewe.

Tatu, kandarasi za aina hii ziliandamana na hati za ahadi ya malipo zilizotiwa saini na serikali. Mwenye hati kama hiyo anaweza kudai pesa mahakamani katika nchi ya kigeni hata kama kazi haijafanywa. Sumu ya hati hizo ingeonekana miaka kumi baadaye.

Anwani ya Anglo Leasing ilikuwa ya jengo moja mjini Liverpool, Uingereza. Wachunguzi walipoitafuta katika daftari la kusajili kampuni nchini humo, hawakupata kampuni yenye jina hilo.

BUNGE LAPASHWA

Za mwizi ni arubaini. Mnamo Aprili 2004, aliyekuwa mbunge wa Ntonyiri, Bw Maoka Maore, aliwasilisha Bungeni stakabadhi za mradi huo na kuitaka serikali ieleze wenye kampuni hiyo ni nani. Idara ya Uhamiaji ilikuwa chini ya Wizara ya Masuala ya Ndani, iliyoongozwa na Makamu wa Rais Moody Awori. Bw Awori alisimama kuutetea mradi huo na kusema hakukuwa na kosa lolote.

Jambo la ajabu lilitokea wiki chache baadaye. Mwezi Mei, zile Yuro 956,700, zaidi ya Sh90 milioni kwa kiwango cha ubadilishanaji cha wakati huo, zilirudishwa katika akaunti ya serikali. Hakuna aliyejitokeza kusema ni nani aliyezirejesha. Kampuni ambayo haikujulikana ilikuwa imelipa deni ambalo hakuna aliyelidai.

Kwa waliohusika, huenda huo ulionekana kuwa mwisho wa maneno. Kwa Bw Githongo, ulikuwa ushahidi. Aliendelea kuchunguza na kugundua kwamba jina la Anglo Leasing lilikuwa pia katika mkataba wa kujenga maabara ya uchunguzi wa jinai ya polisi. Baadaye, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguza kandarasi 18 za aina hiyo, zilizotiwa saini kati ya 1997 na 2003 chini ya serikali za Kanu na Narc. Thamani yake kwa jumla ilizidi Sh56 bilioni.

BALOZI AWAKA

Mabalozi huzoea kusema kwa mafumbo, na yenye uchungu huyanong'ona faraghani. Julai 13, 2004, aliyekuwa Balozi wa Uingereza nchini, Bw Edward Clay, aliivunja mila hiyo. Akiwahutubia wafanyabiashara Waingereza jijini Nairobi, alisema ufisadi mpya chini ya Narc ulikuwa umeigharimu Kenya takriban Sh15 bilioni. Akawafananisha wahusika na walafi wanaokula hadi kutapikia viatu vya wafadhili.

Maneno hayo yaliwasha moto. Waziri wa Mashauri ya Kigeni wakati huo, Bw Chirau Ali Mwakwere, alimwita balozi huyo ajieleze, huku mawaziri wakimshutumu kwa kuikosea heshima nchi huru. Walimtaka atoe ushahidi au anyamaze.

Hakunyamaza. Mapema Februari 2005, Bw Clay alisema jijini Nairobi kwamba ikiwa alikosea mara ya kwanza, kosa lake lilikuwa kutumia maneno mapole mno. Alifichua kwamba alikuwa amemkabidhi Rais Kibaki orodha ya kandarasi 20 zilizotiliwa shaka.

Wakenya waligawanyika. Wapo waliouliza ni kwa haki gani mwakilishi wa mkoloni wa zamani anawasuta viongozi waliochaguliwa na wananchi. Wengine walijibu kwamba mwizi ni mwizi hata akitajwa na jirani asiyependwa.

WAFADHILI WAFUNGA MIFUKO

Siku chache baada ya hotuba hiyo ya pili, Februari 7, 2005, Bw Githongo alijiuzulu akiwa London. Mtu aliyekuwa sura ya vita dhidi ya ufisadi alikuwa ametorokea uhamishoni, akisema maisha yake yalikuwa hatarini.

Amerika ilisimamisha mara moja msaada wa Dola milioni 2.5 uliokusudiwa kugharamia vita dhidi ya ufisadi. Ujerumani ilifuata mkondo huo. Serikali nayo ilijaribu kuonyesha kwamba haikuwa imelala: mwezi huo huo, maafisa wakuu waliokuwa wakihudumu katika wizara zilizohusika, wakiwemo makatibu wa wizara, walifikishwa kortini. Wote walikanusha mashtaka.

Julai 2005, Uingereza ilichukua hatua ambayo ni nadra kuchukuliwa dhidi ya waziri wa nchi rafiki. Ilimpiga marufuku Dkt Chris Murungaru, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi na kabla ya hapo msimamizi wa usalama wa ndani, kuingia nchini humo. Dkt Murungaru alikana makosa yoyote na kwenda katika mahakama za Uingereza kupinga uamuzi huo, lakini Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo haikumpa afueni mwaka wa 2008.

Aliachwa nje ya Baraza la Mawaziri lililoundwa Desemba 2005, baada ya serikali kushindwa katika kura ya maamuzi kuhusu katiba. Katika kesi tofauti mwaka wa 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Bw Githongo amlipe fidia ya Sh27 milioni kwa kumharibia jina.

MAWAZIRI WANG'ATUKA

Januari 2006, ripoti ya Bw Githongo kwa Rais ilichapishwa na magazeti. Alidai kwamba mawaziri wenzake serikalini walimshinikiza alegeze uchunguzi, na kwamba pesa za kandarasi hizo zilikusudiwa kugharamia siasa za Narc. Alikuwa amerekodi kisiri baadhi ya mazungumzo hayo.

Bw David Mwiraria, Waziri wa Fedha, alijiuzulu Februari 1. Bw Kiraitu Murungi, aliyekuwa Waziri wa Haki kabla ya kuhamishiwa Kawi, alimfuata katikati ya mwezi huo. Wote wawili walisisitiza kuwa hawakuwa na hatia. Bw Awori alikataa katakata kuondoka. Wanachama wa Kamati ya Bunge kuhusu Uhasibu wa Pesa za Umma (PAC) walilazimika kufunga safari hadi London kumsikiliza Bw Githongo, kwa kuwa shahidi mkuu wa Kenya hakuthubutu kurudi nyumbani.

Benki ya Dunia iliahirisha mikopo, nayo Uholanzi ikasimamisha msaada wake. Lakini kabla ya mwaka kwisha, mnamo Novemba, Bw Murungi alirejeshwa katika Baraza la Mawaziri. Bw Mwiraria alirudi mwaka uliofuata.

Uhusiano na Uingereza haukupona haraka. Idara ya Kupambana na Ulaghai Mkubwa ya nchi hiyo (SFO) ilianzisha uchunguzi wake mwaka wa 2007, ila ikaufunga Februari 2009 ikilalamika kwamba haikupata ushahidi uliohitajika kutoka Kenya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Bi Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Haki, alimwambia Bw Clay katika kipindi cha televisheni ya BBC kwamba alikuwa mtu asiyetakikana nchini Kenya. Wakati huo, Bw Clay alikuwa amekwisha kustaafu.

DENI LAFUFUKA

Waliodhani sakata hiyo imezikwa waligutuka mwaka wa 2014. Kampuni mbili zilizokuwa na kandarasi nyingine katika orodha ile ya 18 zilikuwa zimeishtaki Kenya ng'ambo na kushinda. Wakati huo huo, serikali ilikuwa ikijiandaa kukopa Dola bilioni 2 katika masoko ya kimataifa kupitia hatifungani ya Eurobond. Nchi yenye deni la mahakama lisilolipwa ingetazamwa vibaya na wakopeshaji.

Mwezi Mei, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kampuni hizo zilipwe takriban Sh1.4 bilioni. Alisema uamuzi huo ulikuwa mchungu lakini usioepukika. Mlipa ushuru alikuwa amelipia kandarasi ambazo serikali yenyewe ilizitaja kuwa za kilaghai.

Machi 2015, watu 13, wakiwemo mawaziri wa zamani, walishtakiwa upya, nao wakakanusha mashtaka. Bw Mwiraria aliaga dunia mwaka wa 2017 kabla ya kesi kukamilika. Kesi zilijikokota kwa miaka, na baadhi ya washtakiwa wakaachiliwa huru. Mwaka wa 2018, Kenya ilitia saini mkataba na Uswisi na Uingereza kuhusu kurejesha mali iliyoibwa na kufichwa katika mataifa hayo.

FUNZO

Pasipoti za kielektroniki zilianza kutolewa nchini mwaka wa 2017, miaka 15 tangu serikali ilipoanza kutafuta mtambo wa kisasa. Kwa muda huo wote, Mkenya wa kawaida aliendelea kutembea na kitabu cha zamani na kujibu maswali katika viwanja vya ndege vya watu.

Malipo ya awali ya mradi huo yalirudishwa kimyakimya na mtu asiyejulikana. Imani haikurudi kwa njia hiyo. Ilibidi itafutwe kortini, katika meza za mazungumzo na katika afisi za wakopeshaji, mwaka baada ya mwaka, na gharama yake ikaangukia wananchi ambao hawakuona hata ukurasa mmoja wa mkataba uliotiwa saini kwa niaba yao.