Nani Atampakulia Mzee?

Katika kujifunza Kiswahili utakutana mapema na kitenzi "kupakua": kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Ukisema "kupakulia", umemtaja pia anayepakuliwa. Katika desturi za Burundi mtu huyo alikuwa mzee. Aliishi katika boma la familia, liitwalo rugo kwa Kirundi, na ugali na maharage yake yalitoka katika chungu cha wanawe. Haikuhitajika sheria.

Lakini desturi hiyo ilitegemea watoto walio hai na walio karibu. Zingatia mwaka 1972. Mwezi Machi, Marekani ilipitisha sheria ya kugharimia milo ya pamoja kwa watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ili wapate lishe na wenzi wa kuzungumza nao. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo, Burundi iliingia katika mauaji makubwa yaliyoacha wajane na mayatima wengi. Yatima aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo amepita 60. Mwaka 1993 vita vikaanza, na mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura ikatawanyika. Basi ukipita Gihosha usidhani kwamba kila mzee ana wa kumpakulia. Pensheni nayo huwafikia zaidi waliofanya kazi za mshahara. Mkulima na mchuuzi hubaki nje.

Je, serikali yaweza kushika nafasi ya wana? Zanzibar ilijaribu. Mwezi Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuajiriwa kamwe. Januari mwaka huo, Umoja wa Afrika ulikuwa umepitisha itifaki ya haki za wazee. Hizo ni hatua za heshima. Hata hivyo, fedha hununua unga, lakini mzee asiyeweza kuteka maji wala kuwasha moto bado atalala njaa. Anahitaji jirani anayejua mlango wake.

Hapo ndipo uraia unapoanzia. Kabla ya kudai mpango wowote, uliza kwa nyumbakumi, kanisani au msikitini: ni wazee wangapi wa mtaa huu hula peke yao, na nani huwapikia? Andika majibu kwa Kiswahili, kisha yapeleke kwenye kikao cha mtaa.