Atakaa kwa Nani? Historia ya Mwaka wa Masomo Ugenini



Binti wa mtaani anapopata nafasi ya kwenda kusoma sekondari Marekani kwa mwaka mmoja, sisi kina mama huwa hatuanzi kuuliza skuli gani. Tunauliza: "Atakaa kwa nani?" Wengine hutucheka, wakasema ni woga wa watu wa visiwani. Lakini ukiifuata historia ya safari hizi utakuta hata walioziasisi waliitanguliza nyumba kuliko darasa.

Chanzo chake ni vita

Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wamarekani waliojitolea walikuwa Ufaransa wakiendesha magari ya kubeba majeruhi. Kikundi chao kilijulikana kama American Field Service, au AFS. Walirudi kazini katika Vita vya Pili. Vita vilipokwisha, madereva hao pamoja na kiongozi wao Stephen Galatti waliona kuwa kubeba majeruhi hakutoshi, na kwamba ni bora vijana wajuane kabla hawajakutana vitani. Mwaka 1947 wakawapokea wanafunzi 52 kutoka nchi 10.

Hawakuwajengea dahalia. Waliwapeleka majumbani mwa watu, wakaishi kama watoto wa nyumba.

Miaka minne baadaye, mwaka 1951, mama mmoja wa Michigan, Rachel Andresen, aliyekuwa akifanya kazi katika baraza la makanisa, alisimamia kupokelewa kwa vijana 75 wa Kijerumani. Hebu tulifikirie hilo. Miaka sita tu nyuma Wajerumani walikuwa maadui, na baadhi ya nyumba za Marekani zilikuwa bado na majonzi ya vijana wao waliouawa. Hata hivyo walipatikana kina mama wa kuwatandikia vitanda watoto wa adui wa jana.

Zamu yetu Waislamu

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani na ulimwengu wa Kiislamu walitazamana kwa shaka. Oktoba 2002 ukaanzishwa mpango wa YES, unaogharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwa juhudi za maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Uliwalenga vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi, na baadaye Tanzania nayo ikaingia, wakiwemo vijana wa Zanzibar.

Kundi la kwanza lilifika Marekani mwaka 2003, na Ramadhani ya mwaka ule ikaandama mwishoni mwa Oktoba, skuli zikiwa zimepamba moto. Kwa kijana wa Kiislamu aliye peke yake katika nyumba ya watu wa dini nyingine, huo ndio mtihani wenyewe: kuamka daku wenzake wamelala, kukaa na saumu wakati wa chakula cha mchana skuli, kueleza kwa nini hali nyama fulani, kuitafuta kibla. Na mama mwenyeji naye ana mtihani wake, kwa kuwa ameletewa amana asiyoijua desturi zake.

Si jambo geni kwetu

Waislamu wa mwanzo walikwishakaa ugenini chini ya hifadhi ya Wakristo. Mwaka wa tano wa Utume, baadhi ya Masahaba walihajiri kwenda Habasha, kwa mfalme Najashi. Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.), alikuwemo pamoja na mumewe, Sayyidna Uthman. Bibi Umm Salama (R.A.) pia alikuwemo, na ni yeye aliyetusimulia jinsi Jaafar bin Abi Talib alivyosimama mbele ya mfalme na kusoma Suratu Maryam. Waliishi na wenyeji wao kwa wema, na dini yao hawakuiacha.

Ni kweli kwamba kina bibi hao walikuwa na waume zao, na binti wa miaka 16 hana. Suala la mahram lina uzito, na kila mzazi amuulize shekhe anayemwamini.

Hofu hiyo waliijua hata bibi zetu. Ilipofunguliwa skuli ya serikali ya wasichana hapa Unguja mwaka 1927, wazee walihofia stara ya mabinti zao. Mabinti wakaenda skuli, na leo wajukuu zao ni walimu na madaktari. Wazee wale walikuwa na haki ya kuuliza, na sisi pia tunayo.

Basi tuulizeni

Yapo ya kuuliza, na yana majibu. Kwa kawaida familia mwenyeji za Marekani hazilipwi, hujitolea. Watu wazima wa nyumba huchunguzwa rekodi zao za jinai kabla mtoto hajapelekwa. Kila mwanafunzi ana mratibu anayepaswa kuwasiliana naye kila mwezi, na ikibidi huhamishiwa nyumba nyingine. Binti ajue namba ya mratibu huyo kwa moyo, na ajue kwamba kulalamika si utovu wa adabu.

Na yeye tumwandae. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Familia mwenyeji huishi hivyo hivyo: ataosha vyombo, atapiga deki, ataaga akitoka. Aliyezoea kufanyiwa kila kitu na dada wa kazi atapata tabu. Ajifunze pia kueleza Swala na saumu kwa maneno mepesi, bila kuona haya na bila kugombana.

Mwaka ukiisha anarudi, ndivyo mpango unavyotaka. Akirudi, tumsikilize kabla ya kumkagua. Huenda akatuambia kuna mama mbali huko aliyekuwa akiamka alfajiri kumpashia chakula cha daku, ilhali mwenyewe hafungi. Mama huyo naye tumuombee dua.

Allah awahifadhi mabinti zetu popote walipo. Amin.