Nakshi na Makali: Kisu cha Kukunja na Historia ya Chuma cha Ziwa

Mwezi uliopita idara yetu ilinipa jukumu dogo: kununua zawadi ya mwenzetu anayestaafu. Ni mtu wa ziwa, mpenda kukaa ufukweni jioni na kumenya machungwa, hivyo tulikubaliana kumpa kisu cha kukunja, cha mapambo lakini chenye kufaa kazi. Nilifuatana na mwalimu kijana wa idara hadi duka moja katikati ya jiji la Mwanza. Muuzaji akatuwekea viwili mezani. Vyote vilikuwa na mpini wa pembe. Kimoja kilikuwa na bapa jeupe tupu. Cha pili bapa lake lilijaa mawimbi, mfano wa maji ya ziwa upepo wa alasiri unapoanza kuvuma. Bei ya cha pili ilikuwa karibu mara tatu ya cha kwanza.

"Hiki ni chuma cha Dameski, mzee wangu," akasema muuzaji, na hakuona haja ya kuongeza neno.

Mwenzangu alikuwa amekwisha kuamua. "Mwalimu, zawadi ni ya kutazamwa. Tuchukue chenye maua."

Niliomba siku mbili za kufikiri. Ninaandika makala haya kwa sababu siku hizo zilinirudisha kwenye historia ambayo wengi wetu tunaoishi kando ya ziwa hili hatuifahamu vizuri.

Tuanze na jina lenyewe. Panga zilizosifiwa na Wazungu kwa jina la Dameski zilifuliwa kwa chuma cha pua kilichoyeyushwa katika vyungu vidogo vilivyofungwa, hasa India na nchi jirani zake. Mawimbi yake hayakuchorwa na mtu. Yalijitokeza ndani ya chuma chenyewe kilipopoa polepole na kufuliwa kwa moto wa kadiri. Ufundi huo ulififia na kupotea kufikia karne ya 19. Kinachouzwa leo kwa jina hilo, kwa sehemu kubwa, ni kitu kingine: mabamba ya vyuma viwili tofauti huunganishwa kwa moto na nyundo, hukunjwa mara nyingi, kisha bapa huchovywa katika tindikali ili tabaka zionekane. Huo nao ni ufundi wa kweli unaostahili heshima. Lakini vipo pia visu vya chuma cha kawaida vilivyochorwa mawimbi juu ya ngozi tu. Mnunuzi atazame mgongo wa bapa: kama tabaka ni za kweli, mistari huvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kama imekoma ukingoni, basi uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ama ukali wa kisu, mawimbi hayausemi. Ukali hutokana na kiasi cha kaboni kilichomo katika chuma, na namna fundi alivyokipasha moto na kukipoza. Tena bapa lenye tabaka mara nyingi hushika kutu upesi, jambo lisilo dogo kwa mtu akaaye kando ya maji na kupasua samaki.

Pwani yetu haikuwa nje ya habari hii. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake huko Sisilia mwaka 1154, alieleza kuwa watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba chuma cha Sofala kilivushwa hadi India, ambako mafundi walikifanya panga. Hata Kiswahili kina neno lake la kale la chuma bora cha upanga, feleji. Hivyo tunapomsikia muuzaji akitamka Dameski kana kwamba ni nchi ya mbali isiyotuhusu, tukumbuke kuwa Afrika Mashariki ilikuwa na nafasi katika biashara ile, ingawa nafasi yenyewe ilikuwa ya kuuza malighafi. Je, hali hiyo si ya kawaida kwetu hata leo?

Ndani ya bara, kando ya ziwa hili, hadithi ni tofauti. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, wanaakiolojia walikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tena tanuri. Walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, wakalijaza matete yaliyochomwa, wakapanga mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri, wakavukuta. Walipata chuma chenye kaboni. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science, wakidai kuwa mirija ile ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Kusini-magharibi mwa ziwa, katika Geita ya leo, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Unyamwezi. Jembe lilikuwa mali: lililima, lilinunua, lililipa mahari.

Hapa nina neno kwa wanafunzi na wanaharakati. Makala ile ya 1978 imegeuzwa kuwa bango. Tunasoma kuwa Wahaya walitangulia Ulaya kwa miaka elfu na zaidi, na tunasambaza bila kuuliza. Ukweli ni kwamba wataalamu wengine, akiwamo David Killick, waliipinga hoja ya kupasha hewa moto, na mjadala ule ni halali. Kuuficha ni kuichora historia yetu kwa tindikali ili ing'ae machoni pa wageni. Haihitaji hivyo. Watu waliojua udongo upi unastahimili moto na matete yapi yanafaa, wakafundishana kwa vizazi, wana makali ya kutosha.

Tanuri hizo zilizimikaje? Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yakawa rahisi, na chuma chakavu kikapatikana bila jasho la tanuri. Wahunzi walibaki, wayeyushaji wakatoweka. Mhunzi wa leo hufua panga kutokana na springi ya gari: chuma kizuri sana, lakini kimeyeyushwa kwingine.

Ndugu zangu watumishi wa umma wanaijua sehemu inayofuata. Mkataba wa chuma cha Liganga, Ludewa, ulitiwa saini mwaka 2011 kwa sherehe na picha nzuri. Miaka ikapita bila tanuri kuwaka. Tulipokea nakshi, makali hatukuyadai. Swali la kuuliza kila mradi ni lile la mnunuzi mwenye busara dukani: mstari huu unavuka hadi upande wa pili, au umekoma ukingoni?

Siku ya tatu tulirudi dukani. Niligeuza kile cha mawimbi nikatazama mgongo wake: mistari haikuvuka. Nikamwonyesha mwenzangu, akacheka, akasema, "Basi Mwalimu, nimeshindwa." Tulinunua kile cheupe. Fedha iliyosalia tuliiweka kwa ajili ya safari ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenda Bujora, Kisesa, katika Makumbusho ya Wasukuma, na baadaye, tukijaliwa, Katuruka.

Mstaafu wetu alikifungua kisu palepale kwenye hafla, akapitisha kidole gumba juu ya makali, kisha akaomba chungwa.