X-gal

X-gal ni kampaundi ya kikemia isiyo na rangi inayotumika katika maabara za biolojia kutambua kama kimeng'enya kiitwacho beta-galaktosidasi kinafanya kazi. Kimeng'enya hicho kikiivunja, hutokea rangi ya buluu inayoonekana kwa macho. Fomula yake ni C14H15BrClNO6.

Historia

X-gal ilitengenezwa na mwanakemia Jerome Horwitz pamoja na wenzake mjini Detroit, Marekani, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1964. Horwitz anajulikana pia kwa kutengeneza AZT mwaka huohuo. AZT ilikusudiwa kutibu saratani ikashindwa, lakini mwaka 1987 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa nchini Marekani dhidi ya UKIMWI.

Jinsi inavyofanya kazi

Molekuli ya X-gal ina sehemu mbili: sukari ya galaktosi, na indoli iliyobeba atomu moja ya bromini na moja ya klorini. Kwa kawaida beta-galaktosidasi huvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, kuwa glukosi na galaktosi. Kwa kuwa galaktosi ya X-gal imeunganishwa kwa namna ileile, kimeng'enya huikata pia. Sehemu za indoli zilizoachwa huru huungana mbilimbili kwa msaada wa oksijeni na kuwa dutu ya buluu iliyo jamii moja na nili ya kutia vitambaa rangi.

Dutu hiyo haiyeyuki katika maji, hivyo hubaki palepale ilipotokea. Kwa sababu hiyo X-gal hufaa kuonyesha mahali kimeng'enya kilipo. Kwa kupima kiasi cha utendaji wake hutumika zaidi ONPG, ambayo hutoa rangi ya manjano inayoyeyuka.

Matumizi

Matumizi yanayojulikana zaidi ni kuchagua bakteria waliopokea DNA ngeni. Plasmidi, yaani duara dogo la DNA, hubeba kipande cha jeni lacZ, na bakteria Escherichia coli wa aina maalumu huwa na kipande kinachobaki. Vipande vyote viwili vikifanya kazi, kimeng'enya hukamilika na koloni huwa la buluu. Mtafiti akipachika DNA ngeni katikati ya kipande cha plasmidi, kimeng'enya hakikamiliki na koloni hubaki jeupe. Kwa kawaida huongezwa pia IPTG, dutu inayoamsha jeni hiyo bila yenyewe kumeng'enywa, pamoja na kiuavijasumu kinachoua bakteria wasio na plasmidi.

X-gal hutumika pia kuonyesha ni seli zipi za mnyama zinatumia jeni fulani, baada ya lacZ kuunganishwa na kidhibiti cha jeni hiyo.

Mipaka

Rangi peke yake si uthibitisho. Koloni jeupe linaweza kutokana na plasmidi iliyoharibika, na koloni la buluu hafifu linaweza kuwa na kipande kidogo cha DNA ngeni ambacho hakikuzuia kimeng'enya. Kwa hiyo DNA ya koloni lililochaguliwa huchunguzwa tena. Katika tishu za wanyama, seli zina beta-galaktosidasi yao ya asili inayofanya kazi kwenye hali ya asidi. Bila kulinganisha na tishu isiyo na lacZ, mtafiti anaweza kudhani ameona jeni aliyoitafuta kumbe sivyo.

X-gal huharibiwa na mwanga, hivyo hutunzwa gizani kwenye baridi kali.